Mionzi ya Mirihi Yawapoteza Washenga

Jioni ambayo washenga kutoka Tanga walitarajiwa kufika kwetu Kimara kumposa dada yangu, Baba Mkubwa alikusanya simu zote za nyumbani, akazitia ndani ya sufuria ya pilau na kuifunika kwa sinia. Kundi la ukoo la WhatsApp lilikuwa limepokea ujumbe uliosema kwamba usiku huo, kuanzia saa 12:30 hadi 3:30, mionzi hatari kutoka sayari ya Mirihi ingepita karibu na dunia, na kwamba atakayelala karibu na simu hataamka. NASA na BBC, ulidai, zilikwisha kuthibitisha.

Nilimweleza kwa adabu kwamba ujumbe huo ulibeba mishale miwili, alama ya habari iliyosambazwa mara nyingi, na kwamba haukuwa na tarehe, ndiyo maana "usiku wa leo" wake umekuwa ukirudi tangu enzi za simu za tochi. Nikaongeza kwamba mionzi ya anga za juu huifikia dunia usiku na mchana bila kutokea Mirihi, na kwamba mwanafizikia Victor Hess aliigundua mwaka 1912 akiwa angani ndani ya puto.

"Alikuwa na simu?"

"Hapana, Baba Mkubwa."

"Ndiyo maana akapona."

Nilipoomba simu yangu nitazame kama BBC wenyewe waliandika lolote, alinijibu kwamba huko kutazama ndiko kunakoua. Hoja yangu ya mwisho ilihusu saa: aliyeuleta ujumbe kwa Kiswahili alinakili saa za Kizungu, hivyo mionzi, hata kama ingekuwapo, ingepita saa sita na nusu usiku, si magharibi. Alitafakari kidogo, akaamua kwamba mionzi inayopita Kimara itafuata saa za Kimara.

Basi washenga walishuka stendi ya Mbezi wakati sisi tumeketi sebuleni tukilinda sufuria. Shangazi pekee ndiye aliyetoka barabarani na tochi kuwatafuta, akarudi na mwenye duka aliyekuja kudai deni lake.

Wageni walibisha hodi karibu saa nne, wamejaa vumbi, baada ya kukirimiwa soda na kutoa salamu zote za posa katika nyumba isiyo na binti. Baba Mkubwa alipoanza kuwataka radhi kwa simu kutopatikana, mshenga mkuu alimkatiza: hata wao hawakupiga, kwani ujumbe uliwakuta Segera, na simu zao zilikuwa bado zimeviringishwa ndani ya kanga chini kabisa ya begi.

Baba Mkubwa alimshika mkono kwa muda mrefu, kisha akatangaza kwamba ukoo wenye tahadhari namna ile haustahili kutozwa mahari kamili. Nyuma ya pazia ikasikika sauti ya dada ikiuliza kama NASA wamelithibitisha punguzo hilo.