Kadi ya zaka, Malaki 3 na chumba cha Tobia

Kuna msiba niliwahi kuhudhuria, kabla hata jeneza halijanunuliwa familia ilishaanza kutafuta kadi ya zaka ya marehemu, mama mjane, ile kadi kanisa linapoandika fungu la kumi alilotoa, watu wanapekua makabati, wanafungua mikoba ya zamani, binti yake anampigia simu mzee wa kanisa kuuliza mama mara ya mwisho alilipa lini. Ikaonekana anadaiwa miezi saba. Na mwenyewe miezi hiyo yote alikuwa kitandani anaumwa. Wakachangishana pale pale kwenye mkeka, wakatuma kwa simu, ndio ibada ya mazishi ikapangiwa saa.

Tangu siku ile hili swali la Mkristo wa leo kutoa fungu la kumi nimekuwa nalichukulia tofauti kidogo, maana kabla ya hapo mi nilikuwa natoa tu kama baba yangu alivyotoa.

Wanaosema ni lazima wana hoja, tusiwadharau. Ya kwanza kila mtu anaijua kwa kichwa, Malaki 3, "leteni zaka kamili ghalani", usipoleta unamwibia Mungu na umelaaniwa kwa laana. Ya pili ni Abramu, alimpa kuhani Melkizedeki fungu la kumi miaka mingi kabla Musa hajazaliwa, kwahiyo usiniambie zaka ni mambo ya torati. Ya tatu ni Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 23, anawasema Mafarisayo wanaotoa zaka za mnanaa na bizari na jira huku wameacha adili na rehema, ila anamalizia kwamba hayo yaliwapasa kuyafanya na yale mengine wasiyaache.

Sasa ukizikalia hizo hoja zinaanza kucheza. Abramu alitoa mara moja, na alitoa nyara za vita, hatusomi popote kwamba kila mwisho wa mwezi alikuwa anahesabu mbuzi wake anampelekea Melkizedeki. Yesu alikuwa anaongea na Mafarisayo, hekalu limesimama na Walawi, watumishi wa hekalu waliolishwa na zaka, wapo kazini, hekalu lenyewe likaja kubomolewa na Warumi mwaka 70 na mfumo wote ukaondoka nalo. Afu mitume walipokaa Yerusalemu, Matendo 15, kuamua watu wa mataifa walioamini wabebe nini katika sheria, walitaja vitu vinne: vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, vilivyosongolewa na uasherati. Zaka haimo, na wale walikuwa Wayahudi wanaoijua zaka kuliko mimi na wewe.

Ila kwangu mimi andiko linalowabana zaidi wahubiri wa zaka ni Kumbukumbu la Torati 14, ambalo katika miaka yangu yote ya kukaa kwenye mabenchi sijawahi kusikia likihubiriwa Jumapili ya mavuno. Pale unaambiwa zaka yako uichukue ukaile mbele za Bwana wewe na nyumba yako, kama safari ni ndefu uza, funga hela mkononi, ukifika nunua chochote roho yako inachotamani, ng'ombe, kondoo, mpaka kileo kimetajwa (walokole nisameheni). Na kila mwaka wa tatu inabaki hapo hapo mtaani kwenu, ale Mlawi asiye na shamba, mgeni, yatima na mjane. Yani mjane yupo kwenye orodha ya wanaokula. Sasa kwenye ule msiba mjane ndio alikuwa kwenye orodha ya wadaiwa!

Ndugu zetu Waislamu, ambao neno zaka tunatumia nao pamoja, kwao ni asilimia 2.5 ya mali iliyofika kiwango na kukaa mwaka mzima, na Kurani imetaja makundi 8 ya kupewa, wakianza mafukara na maskini. Aliye chini ya kiwango hadaiwi. Sisi hatuna hicho kiwango. Chukua kijana hapa Tanzania ameajiriwa sekta binafsi kwa laki 6, mfuko wa pensheni wa NSSF unakata 60,000, kodi ya mshahara (PAYE) kama 24,000, bodi ya mikopo ya wanafunzi asilimia 15 yake ni 90,000, inayoingia mkononi ni 426,000. Akiambiwa zaka ni ya mshahara kabla ya makato anatoa 60,000, ambayo kwenye hela aliyoishika ni asilimia 14. Bado kodi ya chumba, nauli, mdogo wake yupo fomu three. Na juu ya zaka kuna ahadi ya mwaka, jengo, shukrani, malimbuko, kwaya inaenda kurekodi.

Na sio wapinzani wa kanisa tu wanaosema haya. Mwaka 2022 Creflo Dollar wa Marekani, mhubiri wa mafanikio aliyewahi kuomba waumini wamchangie ndege ya zaidi ya dola milioni 60, alisimama madhabahuni kwake akasema alichofundisha miaka yote kuhusu zaka hakikuwa sahihi, watu watupe vitabu na kanda zake za mada hiyo. Hakusema watu waache kutoa, alisema watoe kwa neema na sio kwa kuogopa laana. Waliokuwa wameshatoa wakati anawatisha hapo sijui waliandikiwa nini.

Haya, tugeuke upande wa pili, maana sisi tunaopinga nasi tuna unafiki wetu. Mtu akishagundua 2 Wakorintho 9, kila mtu atoe alivyokusudia moyoni si kwa huzuni wala kwa lazima, ghafla moyo unakusudia buku. Huyo huyo kadi ya harusi ya laki 2 amelipa bila kuuliza andiko! Kanisa lina mlinzi, lina bili ya umeme, lina mchungaji ambaye watoto wake wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada kama wa kwako. Paulo yule yule aliyeandika hayo ya kutoa kwa moyo ndio kaandika 1 Wakorintho 9 kwamba waihubirio Injili waishi kwa Injili. Nehemia 13 inaonyesha kabisa, Walawi hawakupewa posho zao wakakimbilia kila mtu shambani kwake, nyumba ya Mungu ikabaki tupu.

Wasabato hapa nadhani wamejipanga kuliko wengi, zaka haibaki mkononi mwa mchungaji wa kanisa lako, inapanda konferensi, yaani ngazi inayosimamia makanisa ya eneo zima, na wachungaji wanalipwa kutoka huko, anayehudumia kijiji cha wavuvi na anayehudumia matajiri wanalishwa na ghala moja. Unaweza usikubaliane na tafsiri yao ya Malaki lakini kiutaratibu mchungaji hana sababu ya kumwangalia mtu kwa ukubwa wa bahasha.

Na hiyo Nehemia 13 tuirudie, maana kuna kipande kinarukwa. Kabla ya habari ya Walawi kukimbia tunaambiwa kuhani Eliashibu, aliyewekwa kusimamia vyumba vya nyumba ya Mungu, alikuwa na undugu na mtu anaitwa Tobia, akampa chumba kikubwa ndani ya hekalu. Chumba chenyewe ndio kilikuwa stoo ya zaka za nafaka, divai na mafuta. Nehemia, liwali wa Yuda, alikuwa safarini, aliporudi akavitupa nje vyombo vya Tobia vyote, akasafisha, akawarudisha Walawi, ndipo Yuda wote wakaleta zaka, na akaweka watunza hazina ambao andiko linasema walihesabika kuwa waaminifu. Maandiko hayasemi wazi kwamba watu waliacha kutoa sababu ya Tobia, ila mi ukiniuliza mpangilio wa hadithi unaongea. Na wasomi wengi wanamweka Malaki karibu na kipindi hicho hicho, tena sura ya 2 inafungua kwa kusema amri hii yawahusu ninyi makuhani. Mahubiri yetu yanaanzia sura ya 3.

Kwahiyo mi naona fungu la kumi kama kipimo cha kujizoesha ni zuri, linakusaidia usimpe Mungu chenji. Kama deni lenye kadi, riba ya laana na kuzuiwa kuzikwa, hapana, Agano Jipya silioni likibeba huo mzigo.

Nyumbani kwangu tumeamua kufuata ule mwaka wa tatu wa Kumbukumbu, zaka ya miaka miwili inaenda kanisani, mwaka wa tatu inabaki mtaani, na mwaka huu ndio wa tatu, inalipa ada ya watoto wawili wa jirani waliofiwa na baba. Mzee wa kanisa ameshaniuliza mara mbili mbona namba ya bahasha yangu haionekani. Nimemweleza, amesema atalipeleka kwenye kikao.