Ngumi huanzia kwenye unyayo

Chalii akiingia ukumbini kwetu kwa ngumi, hapa Ngarenaro, Arusha, kwa mara ya kwanza, macho yake huenda moja kwa moja kwenye begi la kupigia. Analivamia. Hajafunga bandeji, hajapasha misuli, anatandika mpaka minyororo inalia, kisha anageuka kuangalia nani kamwona. Simcheki sana, kwa sababu nami nilianza hivyohivyo.

Mwalimu wangu aliniweka wiki mbili bila glovu. Alikata tyubu ya baiskeli, akanifunga vifundo vya miguu, nafasi ya mabega kati ya mguu na mguu, akasema, "Tembea." Ukienda mbele, mguu wa mbele unatangulia na wa nyuma unafuata, ukirudi nyuma, wa nyuma ndio unaoanza. Miguu haikutani wala haipishani. Nikisahau, tyubu inaning'ata naanguka, na wenzangu wanapata cha kuchekea. Nilipolalamika kwamba nimekuja kujifunza ngumi, akanijibu, "Sasa mikono hiyo itapelekwa na nani?"

Ndilo jambo ninalobishana na vijana mpaka leo. Ngumi haitoki mkononi. Unyayo wa nyuma unasukuma sakafu, kiuno kinageuka, bega linafuata, mkono unafikisha tu mzigo. Usiponiamini, kaa kwenye kiti ujaribu kupiga.

Halafu kuna pumzi. Alitujia kijana mbeba magunia soko la Kilombero, mabega mapana kama mlango, kila mtu akawa anakwepa kupangwa naye. Akaingia ulingoni na kijana mwembamba ambaye kazi yake ni kuruka kamba kutwa. Raundi ni dakika tatu. Ya pili haijaisha, mbeba magunia mdomo wazi, mikono imeshuka kiunoni. Gunia ukilifikisha unalitua, unapumua, unafuata jingine. Ulingoni hakuna pa kutua. Zaidi ya hayo alikuwa anabana pumzi kila anaporusha ngumi. Ule mlio wa "pss" unaousikia kwa mabondia si madoido, wanaitoa pumzi.

Pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa 1974, watu husimulia ujanja wa Ali wa kuegemea kamba za ulingo. Mimi naiangalia mikono ya Foreman. Mtu aliyezoea kuwamaliza wenzake raundi za mwanzo, kufika ya nane mikono ile imekuwa mizito kama imelowa maji, akaangushwa. Nasi Arusha hatuna kisingizio: mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, pa kukomazia pumzi, alfajiri wakimbiaji wa mbio ndefu wamejaa barabarani. Mabondia wetu saa hiyo wengi wamejifunika blanketi.

Kuna wanaosema bondia mzuri lazima awe na hasira. Sikubali, na ushahidi ninao mwilini. Jamaa alinigusa pua mara tatu mfululizo kwa mkono wa mbele, kidogokidogo, kama anabisha hodi. Nikakasirika, nikamrushia ngumi ya kuzunguka iliyoanzia mtaa wa Kijenge. Alikuwa na muda wa kuinama, kufikiri, na kunipiga kwenye ini. Ngumi ya ini haiumi papo hapo. Unasimama kidogo ukidhani umesalimika, kisha magoti yanakataa. Nilikuwa nimesahau yote mawili niliyofundishwa: kidevu chini, na mkono ukishapiga urudi usoni kwa njia ileile.

Ninaloliona gumu kuliko yote ni kusema basi. Ukumbi mmoja niliowahi kupita, mtu akilalamika kichwa kinauma aliambiwa avae kofia ya kinga aendelee. Kofia inazuia kuchanika ngozi. Ubongo ndani bado unatikisika. Ngumi za ridhaa zenyewe ziliwavua kofia hizo wanaume wa ngazi ya juu mwaka 2013. Ukipigwa ukaona kizunguzungu, vua glovu, rudi nyumbani, na kupigana mazoezini kuache mpaka daktari akuruhusu. Atakayekuita mwoga hatakuuguza.

Yule mbeba magunia tulidhani ametukimbia. Jumatatu akaja, hakulitazama begi. Akaketi kwenye benchi, akavua viatu, akanyoosha miguu yote miwili. "Kaka, nifunge ile tyubu."