Chupa ya Dripu Ipande Hadi Wapi?

Daktari anapokata kovu lililoletwa na kisukari juu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, damu mara nyingi huvuja papo hapo. Mgonjwa wa Tanga aliyepewa rufaa Moshi au Dar es Salaam anakuta mabishano ya zamani: presha ya jicho ipandishwe ili damu ikate, au iachwe retina isikose damu?

Wanaopandisha wana hoja. Damu ikitanda, daktari haoni anachokata. Chupa ya dripu ndiyo inayoingiza maji ndani ya jicho wakati wa upasuaji: ikitoka sentimita 40 juu ya jicho hadi 80, presha ya jicho hutoka takriban milimita 29 za zebaki hadi 59, mishipa midogo hubanwa na damu hupata nafasi ya kuganda. Kwa dakika moja au mbili, sawa.

Tatizo ni kwamba wengi husoma presha ya jicho kwenye mashine peke yake, bila kuangalia presha ya damu. Kwa aliyelala chali, chukua wastani wa presha ya damu, zidisha kwa 0.88, utoe presha ya jicho; kinachobaki ndicho kinachosukuma damu ndani ya jicho. Mwenye 120/80 ana wastani wa 93 (ya chini huhesabiwa mara mbili). Jicho likiwa 60, anabakiwa na 22. Aliyeshuka hadi wastani wa 70 kwa dawa za usingizi anabakiwa na 2 tu! Ateri ya retina ikionekana kudunda chini ya darubini, presha ya jicho imeshapita presha ya chini ya ateri hiyo, chupa ishuke.

Lakini kushusha mno nako kuna hatari yake. Mashine ikifyonza kwa nguvu huku mrija mwembamba wa geji 25 (kipimo cha unene wake) ukiingiza maji polepole, jicho hunywea, na mishipa ya koroidi, tabaka la mishipa ya damu nyuma ya retina, inaweza kupasuka. Kwa maoni yetu chupa ni ya kununua muda: muulize mtu wa usingizi presha ya damu, pandisha, kisha shusha taratibu ili mshipa unaovuja uonekane na uchomwe uzibe.

Sindano ya bevacizumab, dawa inayonywesha mishipa mipya ya damu, siku chache kabla ya upasuaji hupunguza uvujaji, ila safari ya kwenda kupasuliwa ikiahirishwa kovu linaweza kusinyaa na kuvuta retina. Tarehe ya upasuaji ithibitishwe kwanza.

Na aliyewekewa gesi ndani ya jicho Dar es Salaam, ili ishikilie retina baada ya upasuaji, asipande Lushoto milimani. Kwenye mita zipatazo 1,400 gesi hutanuka karibu sehemu moja ya tano, na presha ya jicho hupanda bila daktari karibu. Abaki Tanga mjini hadi gesi iishe: ikiwa ni aina ya SF6 takriban wiki mbili, ya C3F8 karibu miezi miwili.