Kioo kina mwenyewe

Sisi tuliopita sekondari tumewahi kuandika kwenye karatasi ya mtihani kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Unaiandika, unapata alama zako, maisha yanaendelea. Siku hizi nausikia msemo huohuo ukipelekwa kwenye sinema, hasa zile za Marekani za baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kila nikiusikia najiuliza: kioo hicho kakishika nani, na kakielekeza wapi?

Chukua The Best Years of Our Lives ya William Wyler, ya mwaka 1946. Naipenda sana, niseme mapema. Wanajeshi watatu wanarudi mji mmoja. Fred alikuwa kapteni wa jeshi la anga, kazi yake kulenga mabomu. Nyumbani hakuna anayemhitaji mlenga mabomu, basi anarudi dukani alikokuwa akiuza soda na aiskrimu, kwa dola 32.50 kwa wiki. Al, aliyekuwa sajini tu, ndiye bosi benki. Homer, baharia, amerudi na kulabu mahali pa viganja, na hapo hakuna maigizo: Harold Russell aliyecheza nafasi hiyo alipoteza mikono yote miwili jeshini mwaka 1944, baruti ilipomlipukia mazoezini. Kuna usiku anamwonyesha mchumba wake anavyozivua kabla ya kulala. Akishazivua, mlango ukijifunga hawezi hata kuufungua. Kamera haikwepeshi macho, wala yule binti.

Karibu na mwisho Fred anazurura kwenye uwanja uliojaa ndege za kivita zilizong'olewa injini. Anapanda moja, anakaa palepale alipokuwa akikaa vitani, jasho linamtoka. Anayemwita ashuke ni msimamizi wa kazi: ndege hizi zinavunjwa, vyuma vyake vinakwenda kujengea nyumba. Fred anaomba kazi. Marekani ya miaka iliyofuata, ya vitongoji vipya na nyumba zinazofanana kama mapacha, imo yote katika mazungumzo hayo mafupi.

Lakini wote watatu ni Wazungu.

Mwaka uleule, tarehe 12 Februari, sajini Isaac Woodard, Mmarekani Mweusi, alikuwa kwenye basi akirudi kwa mkewe. Alikuwa ameagwa jeshini saa chache tu zilizopita, magwanda bado mwilini. Njiani alikuwa amejibizana na dereva kwa sababu ya kuomba nafasi ya kwenda chooni. Walipofika Batesburg, mji mdogo wa South Carolina, dereva akaita polisi. Walimshusha, wakampiga kwa virungu, akapofuka macho yote mawili. Mkuu wa polisi alishtakiwa, na baraza la mahakama la Wazungu watupu likamwachia baada ya kama nusu saa. Hiyo ilikuwa Novemba 1946. Filamu ya Wyler ilianza kuonyeshwa mwezi huohuo.

Simbebeshi Wyler mzigo wote. Sinema ni biashara, na kumbi za majimbo ya Kusini mwa Marekani, kwenye ubaguzi wa rangi, zilikuwa na wenyewe. Katika mji wa Memphis kulikuwa na mkaguzi wa filamu, Lloyd Binford, aliyejulikana kwa kukata vipande vyenye waigizaji Weusi. Kisha 1947 kamati ya Bunge la Marekani ikaanza kuwinda wakomunisti Hollywood, watu kumi wakaishia jela, na Wyler mwenyewe akasema redioni kwamba sasa hivi asingeruhusiwa kutengeneza filamu kama ile. Miaka ya hamsini, basi, hofu ikajivika mavazi ya viumbe kutoka anga za mbali, na hasira ikaachiwa vijana wa koti la ngozi. Zipo nzuri humo, ila nyingi zinazungumza kwa mafumbo kama mtu anayejua jirani anasikiliza.

Ruka hadi 1967, In the Heat of the Night. Mtu Mweusi amekaa stesheni usiku akisubiri treni, Mississippi. Polisi anamkamata kwa kuwa ni Mweusi na ana pesa kwenye pochi. Kumbe naye ni polisi, mpelelezi kutoka Philadelphia. Sidney Poitier, aliyemwigiza, hakutaka kwenda kupigia picha Kusini, kwa hiyo Mississippi hiyo kwa sehemu kubwa ni Illinois. Baadaye tajiri wa mashamba ya pamba anamzaba kibao, naye anamrudishia palepale, bila kufikiri mara mbili. Tajiri anamwambia kwamba zamani angeweza kuamuru apigwe risasi.

Tazama mwanzo wa filamu hiyo tena: msafiri Mweusi, mji mdogo wa Kusini, polisi. Ni basi la Woodard, limechelewa miaka 21. Wanaosema Hollywood ilileta mabadiliko wananichekesha kidogo, maana kibao kile kilirushwa baada ya watu kudai haki za Weusi kwa kugomea mabasi Montgomery na kuandamana Selma, miji ya huko Kusini, si kabla.

Filamu ilipotoka, Agosti 1967, Isaac Woodard alikuwa hai bado, ana miaka 48. Kama aliwahi kwenda kuitazama, kibao kile alikisikia tu.