Guru Dutt tumjadili kwa kazi zake, sio kwa kifo chake

Kila nikikuta watu wanamzungumzia Guru Dutt, dairekta na mwigizaji wa India, mada ni ileile, pombe, dawa za usingizi, ndoa iliyoyumba, mpaka alivyokutwa amefariki tarehe 10 Oktoba 1964 akiwa na miaka 39 tu. Inaniuma kwa kweli, maana yule alikuwa fundi hasa wa picha la Kihindi na ufundi wenyewe hausemwi.

Chukua nyimbo. Picha nyingi wimbo ukianza stori inasimama kwanza, wanacheza weee halafu ndo mnaendelea. Kwake yeye mtu yuko anaongea tu, mara maongezi yashageuka wimbo, hakuna ala ndefu za kufungulia, na wimbo ukiisha unakuta mambo yameshasogea. Na sio majonzi tupu jamani. Kwenye Pyaasa (1957), stori ya mshairi ambaye kaka zake wanauza mashairi yake kama makaratasi chakavu, humohumo yumo mchekeshaji Johnny Walker, kondakta wa zamani wa basi pale Bombay, anapita anatafuta wateja wa kuchuliwa kichwa kwa mafuta huku anaimba na lazima ucheke. Aar Paar (1954) na Mr. & Mrs. '55 nazo zimejaa utani na mapenzi, dairekta yeye, steringi yeye.

Ila kwenye mwanga ndo ananimaliza. Kaagaz Ke Phool ya 1959, picha ya kwanza ya India kupigwa kwa sinemaskopu, yaani ile picha pana ya skrini, kuna sehemu yeye na mwigizaji Waheeda Rehman wamesimama mbalimbali ndani ya studio tupu, mwali mmoja mnene unashuka kutoka juu, hakuna anayefungua mdomo, inasikika sauti ya Geeta Dutt tu, ambaye ndo mke wake wa kweli. Mwali ule ni jua lenyewe! Mpiga kamera V. K. Murthy aliweka kioo nje kikadaka jua kikalirusha kwenye kioo kingine ndani. Unaitazama leo, nyeusi na nyeupe, na bado inakushika koo.

Picha ilibuma vibaya, na kwa vile inamhusu dairekta anayefia studio peke yake basi watu wanaifanya utabiri wa maisha yake. Kweli hakuweka tena jina lake kama dairekta. Lakini mwaka uliofuata alitoa Chaudhvin Ka Chand, akamwachia M. Sadiq kudirekti, yeye akaigiza, ikapiga hela. 1962 ikaja Sahib Bibi Aur Ghulam, akamkabidhi Abrar Alvi, mwandishi wake wa siku zote. Huyo ni mtu aliyeanguka akarudi kazini na kampuni yake ikaendelea kutoa picha kali, na hiyo miaka ndo tunairuka haraka haraka ili tufike kwenye msiba.

Kama hujawahi kumuona usianze na Kaagaz Ke Phool. Anza na Mr. & Mrs. '55 ucheke kwanza, Pyaasa iwekee usiku, simu weka mbali.