Mwarobaini kayani: wazee wana hoja

Katika kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, Pwani ya Kenya, mwarobaini umeingia na unazidi kusambaa. Wahifadhi wanataka ukatwe. Mwiko wa kaya unasema mti haukatwi, na mzee anayeushikilia huitwa mkaidi asiyejua sayansi.

Wahifadhi hawakosei kuhusu hatari yenyewe. Kaya nyingi ni ndogo. Kinondo, kule Kwale, ina hekta 30 hivi. Ndege na popo hula matunda ya mwarobaini yakishaiva, kisha hudondosha kokwa popote wanapotua. Inama chini ya mbambakofi mkongwe, mti wa asili wa misitu hii: miche ya mwarobaini imebanana, majani yake yana meno kama msumeno, na mche wa mbambakofi utautafuta sana. Hilo ndilo linalonitisha. Juu msitu unaonekana mzima, chini warithi wake wamebadilishwa.

Lakini mwiko huohuo ndio uliozilinda kaya mpaka UNESCO ikaingiza baadhi yake katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, huku misitu ya jirani ikigeuka mashamba, fito na mkaa. Ukishamruhusu mtu kuingia na panga kwa ajili ya mwarobaini, nani atasimama mlangoni kukagua anachotoka nacho? Mzee anayekataa panga analinda mpaka ambao ukivunjwa mara moja ni vigumu kuurudisha. Na panga lenyewe halimalizi kazi: kisiki cha mwarobaini huchipua tena, na pengo lililoachwa huingiza jua, ambalo miche yake hulipenda.

Kung'oa mche kwa mkono ni jambo jingine, na ndilo ningewapelekea wazee walijadili. Mvua ikishalainisha udongo, mche wa urefu wa kiganja hutoka na mzizi wake. Kokwa za mwarobaini hazidumu ardhini. Zisipoota mapema, hufa. Kwa hiyo anayeng'oa kila msimu hapambani na akiba ya miaka, anapambana na kokwa mpya zinazoletwa kutoka kwetu: kwenye mwarobaini wa uani tunaochemsha majani yake tukishikwa na homa, na ule wa kivuli cha shule. Ningeanza kwa kukata miarobaini iliyosimama mpakani mwa kaya, nje ya mwiko, kabla ya kumwomba mzee yeyote aruhusu panga ndani.