Kujitolea kwa Nauli ya Nani?

Kila Julai, vyuo vikishafunga mwaka, milango ya asasi za kiraia Dar es Salaam huanza kugongwa. Wanafunzi wanakuja wawili wawili, bahasha ya kaki mkononi, ndani yake barua ya utambulisho. Huyu katoka Mlimani, yule Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, mwingine Chuo cha Mwalimu Nyerere Kigamboni. Wapo wanaosoma Mzumbe au Dodoma lakini wamekuja mjini kwa sababu wana shangazi Tabata. Wanaomba nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwa kawaida wiki nane. Swali la kwanza la mpokeaji ni "mnasoma nini?" La mwanafunzi linabaki kooni: mnatoa nauli?

Nimekaa pande zote mbili za meza ile. Nilipeleka bahasha yangu nikiwa mwaka wa pili, na baadaye nikawa mtu wa kupokea bahasha za wenzangu katika asasi ndogo ya Temeke. Kwa hiyo nikisikia watu wakisema kumtumia mwanafunzi bila malipo ni unyonyaji, ninaelewa. Nikisikia wengine wakisema vijana wa siku hizi wanataka posho kabla ya kujua hata kuandika muhtasari wa kikao, ninaelewa pia.

Nianze na asasi, maana upande wake husemwa mara chache. Watu wengi wakisikia asasi huona magari meupe na ofisi za Mikocheni. Zilizo nyingi hazifanani na hizo. Ni vyumba viwili vya kupanga, watumishi wanne, kompyuta tatu na moja kati yake haiwaki. Sasa wapokee vijana wanane Julai ileile ambayo ripoti ya nusu mwaka inadaiwa. Mwanafunzi wa kweli, anayetaka kujifunza, ni kazi. Lazima umweleze kwa nini fomu ya mlalamikaji haiachwi mezani wazi, kwa nini mama aliyekuja kuulizia mirathi haambiwi "subiri" mara tatu, na kwa nini picha ya mtoto haipandishwi mtandaoni hata kama ni nzuri. Kumfundisha mtu hivyo kunakula saa za afisa ambaye mshahara wake unalipwa na mradi mwingine kabisa. Chuo chenyewe humtuma msimamizi mara moja, akasaini, akaondoka. Mzigo uliobaki ni wa asasi, nayo hailipwi hata senti kwa kuubeba.

Wapo pia wanaokuja kutafuta muhuri tu. Wiki ya kwanza anaripoti, ya pili anapiga simu kwamba anaumwa, ya nane anatokea na daftari la kumbukumbu za kila siku limejaa mwandiko mmoja, kalamu moja, wino haujabadilika rangi. Na kuna wanaomsainia. Anayejua mambo haya hawezi kusema kila mwanafunzi anadai haki yake.

Ila hesabu ya mwanafunzi nayo ifanywe kwa haki. Chukua nauli ya daladala, tuseme sh 600. Anayekaa mbali na ofisi hupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi: sh 2,400 kwa siku. Nauli nafuu ya wanafunzi ipo, lakini konda humtambua mwanafunzi kwa sare. Kitambulisho cha chuo ni ugomvi wa mlangoni. Mchana, sahani ya wali maharage kwa mama ntilie, tuseme sh 2,000. Siku 40 za kazi ni sh 176,000, kabla ya vocha, kabla ya kodi ya chumba kwa asiye na shangazi Tabata.

Utasikia: Bodi ya Mikopo inawapa fedha za mafunzo kwa vitendo. Ni kweli kwa wanaokopeshwa. Lakini neno lenyewe linajieleza, ni mkopo. Akija kupata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hadi deni liishe, na ndani ya deni hilo zimo nauli alizopandia kwenda kufanya kazi bila malipo. Kijana anakopa ili ajitolee. Sijui kama wazee wetu walikuwa na jina la jambo hilo.

Walichokuwa nacho ni kazi ya kualikana. Shamba la mtu likizidi nguvu zake, aliita majirani, wakalima, na hakuna aliyeuliza ujira. Lakini mwenye shamba alipika. Mtu aliyeita watu kumi kwenye jembe kisha akawaacha warudi makwao na njaa, msimu uliofuata alilima peke yake. Kwa hiyo wanaosema kudai chakula na nauli ni kuua moyo wa kujitolea, na kwamba enzi za ujima hayakuwapo hayo, wameikumbuka nusu ya ujima.

Mzozo huu una historia ndefu hapa kwetu kuliko tunavyopenda kukumbuka. Mwaka 1966 serikali ilitaka wasomi walitumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa takriban miaka miwili, na kwa miezi 18 kati ya hiyo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana hadi Ikulu kupinga. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawaka, akawarudisha makwao. Kizazi cha wazazi wetu kilisimuliwa kisa hicho kama somo la wasomi wachoyo, na kuna ukweli ndani yake: nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabika, na mkulima ndiye aliyewalipia masomo. Sehemu inayosahaulika ni kwamba siku ileile Mwalimu alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kukubaliana naye au kutokubaliana naye ni hiari ya msomaji. Mimi ninachokiona ni kwamba aliyewaambia wengine wajitolee alianza kukata mfukoni mwake.

Ukitoka hapo uingie kwenye andiko la mradi la leo, utakuta jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui. Wafadhili wengine huitaka asasi ioneshe mchango wake yenyewe, na huruhusu mchango huo usiwe fedha taslimu. Saa za watu wanaojitolea zinaweza kuhesabiwa, zikapewa thamani kwa shilingi au dola, zikaingia kwenye bajeti kama mchango wa asasi. Ni halali kabisa, na kwa asasi maskini ni nafuu kubwa. Lakini maana yake ni kwamba saa ya mwanafunzi ina bei. Imeandikwa, imejumlishwa, imesainiwa na mhasibu. Ni yeye tu hajaambiwa. Hapo ndipo nilipoacha kukubali jibu la "hatuna bajeti" kwa wepesi ule wa zamani. Asasi iliyoweza kuziandika saa za mwanafunzi upande wa mchango ingeweza pia kuandika mstari mmoja upande wa matumizi: nauli ya wanafunzi wa mafunzo, watu wawili, siku 40. Kwa hesabu ya hapo juu, ukiongeza chakula, ni sh 352,000. Semina moja ya siku moja hotelini huila hiyo kwenye chai ya saa nne.

Hata hivyo anayekaa wiki nane siye anayeniumiza sana. Wiki nane zina mwisho, na anayejua kuuliza maswali hutoka na kitu. Tatizo kubwa ni aliyemaliza chuo. Kwetu neno "anajitolea" limegeuka cheo. Ukiuliza fulani yuko wapi siku hizi, unajibiwa: anajitolea pale kituo cha afya, au shule ya kata, au asasi fulani. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ana funguo za ofisi, anajua nywila ya barua pepe, ndiye anayeandika ripoti. Akiugua, kazi inasimama. Kwa kipimo changu, kazi inayosimama mtu asipokuja ni ajira, hata kama fomu yake imeandikwa kujitolea. Mwanafunzi wa fildi asipokuja, ofisi inapumua kidogo. Tofauti ni hiyo, na majina tunayoyatumia yanaificha.

Kenya wamelifikisha jambo hili mahakamani. Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi Nairobi iliamua kwamba Tume ya Huduma za Walimu haina mamlaka ya kuajiri walimu tarajali, wale waliokuwa wakifundisha shule za sekondari ya chini kama mwalimu mwingine yeyote lakini kwa posho ya sh 20,000 za Kenya kwa mwezi kabla ya makato. Tume ilikata rufaa. Tofauti na wetu, hao angalau walikuwa na mkataba wa kupeleka kwa hakimu.

Na hali haikuwa rahisi zaidi baada ya Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na baadaye mwaka huohuo kuifunga USAID. Asasi za afya na VVU zilipunguza watu. Katika ofisi ninazozifahamu, viti vile havikubaki vitupu muda mrefu. Vilikaliwa na wanaojitolea, baadhi yao walewale waliopunguzwa. Siwezi kumlaumu mkurugenzi ambaye mlangoni pake bado kuna foleni ya wagonjwa. Siwezi pia kumwambia aliyekaa kwenye kiti kile kwamba anajenga wasifu wake.

Ushauri wangu kwa asasi ni mdogo na una gharama: pokeeni wachache mnaoweza kuwalipia nauli na chakula, mpeni kila mmoja msimamizi mwenye jina, na aliyemaliza chuo msimkalishe zaidi ya miezi sita bila mkataba. Tulijaribu Temeke. Mwaka huo bahasha zilikuwa nane, tukachukua wawili. Walijifunza kweli, na mmoja hadi leo hunitumia ujumbe wa Idi.

Wale sita tuliwarudishia barua zao. Nilitoka nje nikawaona wamesimama chini ya mwarobaini wakipigiana hesabu za nauli, kisha wakavuka barabara kwenda kugonga kwa jirani yetu, ambaye hakuwa akilipa chochote. Aliwapokea wote.